Gari linavuma mbele kuanzia spidi 60, na beringi imeshabadilishwa. Tatizo liko wapi?

*“Shikamoo fundi. Niko Mtwara mjini, natumia Toyota IST ya mwaka 2004, otomatiki. Kila wiki naenda Masasi kikazi na kurudi. Tangu mvua za mwezi wa tatu gari limeanza kuvuma mbele. Spidi 50 kimya, 60 linaanza, 80 mpaka 90 ni kama ndege inataka kuruka, hata kuongea na abiria lazima upaze sauti. Usukani hautetemeki. Nikiingia kona ya kushoto mlio unazidi, kona ya kulia unapungua karibu kuisha. Mimi nausikia kushoto, upande wa abiria. Fundi wa kwanza alisema giaboksi inakufa. Wa pili aliinua gari, akatikisa matairi, akasema hayachezi, ila akabadilisha beringi ya mbele kushoto. Mlio uko vilevile. Wa tatu anataka ninunue shafti zote mbili. Matairi ya mbele ni mtumba, yana miezi sita. Mwisho wa mwezi natakiwa kumpeleka mama Dar hospitali. Nifanye nini, na je, gari litafika?”*

Marahaba, mdogo wangu, na mama tunamwombea. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo lenye haraka. Kwa hali uliyoeleza, usimpandishe mama kwenye gari hilo kwenda Dar mpaka mlio upatiwe jibu. Hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na unazijua sehemu za kule Kilwa ambako ukikwama jioni unalala na mbu. Kwa mtu mzima peke yake hiyo ni hadithi ya kusimulia, kwa mgonjwa ni jambo jingine. Kama siku itafika gari halijatengemaa, mkatie tiketi ya basi la alfajiri.

Sasa tuje kwenye mlio. Mafundi watatu, majibu matatu, na pochi ni moja. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kinachonishangaza ni kwamba jibu, au tuseme sehemu kubwa ya jibu, umelibeba mwenyewe. Liko kwenye ile sentensi ya kona. Sidhani kama kuna fundi kati ya hao watatu aliyekuuliza habari za kona. Na kama aliuliza, hakusikiliza.

Kwanza tuondoe yasiyohusika. Shafti, zile fimbo za chuma zinazopeleka nguvu ya giaboksi kwenye matairi. Kiungo cha nje cha shafti kikichakaa hakivumi, kinagonga: ka-ka-ka-ka, hasa ukikata usukani mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta, mfano unageuza gari barabarani ili urudi ulikotoka. Kiungo cha ndani, kile cha upande wa giaboksi, kikichoka hutikisa gari zima unapokanyaga mafuta, ukiachia linatulia. Wewe hujaniambia habari ya kugonga wala kutikisika. Kama zile mpira zinazofunika viungo hazijachanika na grisi haijarukia ndani ya ringi, shafti ziache, na pesa yake iache mfukoni.

Giaboksi nayo nitaiwekea alama ya kuuliza ndogo, lakini siifuti kabisa. Ndani ya giaboksi ya gari linalovutwa na matairi ya mbele kuna difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, na difu ina beringi zake zinazozunguka kwa mwendo wa matairi. Kwa hiyo inaweza kuvuma kwa kufuata spidi ya gari. Tofauti yake ni kwamba difu husikia mguu wako wa mafuta kuliko inavyosikia usukani: ukikanyaga inavuma hivi, ukiachia inabadilika, na kona haiipi shida kubwa. Wako unafuata kona. Aliyesema giaboksi inakufa alisikia mlio unatoka mbele na unapanda na spidi, akaishia hapo. Vitu vinne au vitano huko mbele vinavuma kwa kufuata spidi.

Hebu tuangalie beringi yenyewe, kwa sababu ukielewa inavyokufa utaelewa kwa nini fundi wa pili alikosea ingawa alikuwa karibu na ukweli. Beringi ya tairi la mbele ya IST ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Katikati yake kuna safu mbili za gololi zinazokimbia kwenye mifereji iliyong’arishwa kama kioo. Grisi iko ndani tangu kiwandani, na pembeni kuna sili mbili za kuzuia uchafu. Pete ya nje imebanwa kwa nguvu ndani ya kile chuma kinachobeba breki na tairi, pete ya ndani imebanwa kwenye habu, kile chuma kinachozunguka ambacho tairi hufungwa juu yake. Haina mahali pa kuongezea grisi wala pa kukaza. Atakayekwambia “tuifungue tuipake grisi” anafikiria beringi za Land Cruiser za kazi, zile za rola zenye umbo la pia, ambazo kweli unazifungua, unazisafisha, unazipaka na kuzirudisha. Hii yako ikiisha imeisha.

Na huanza kufa kwa kitu kidogo mno. Gari limeingia kwenye shimo kwa nguvu, gololi zikagonga mfereji zikaacha kishimo kidogo kama alama ya kucha. Au maji yamepita kwenye sili. Wewe umesema mlio ulianza na mvua, na hili watu wengi huku kwetu hawalijui. Unakuja mwendo kutoka Mnazi Mmoja, ile ya njia ya Masasi, breki na habu zimepata moto, unakutana na maji yamekatiza barabara, unaingia nayo mpaka nusu ya tairi. Chuma cha moto kinapoa ghafla, hewa iliyo ndani ya beringi inasinyaa, na ile nafasi inavuta maji kupitia kwenye ukingo wa sili. Tone moja tu linatosha. Grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa, kutu inaanza kwenye mfereji, na baada ya miezi ngozi ya chuma inaanza kubanduka vipande vidogo. Sisi wa pwani tuna nyongeza ya chumvi na mchanga. Gari la Shangani hapa Mtwara linaloegeshwa ufukweni kila Jumapili siliamini beringi zake hata likija kimya.

Sasa kila gololi ikipita kwenye kile kibanduko inagonga kidogo, tik. Tairi la IST lina mzunguko wa kama mita 1.9. Ukiwa spidi 80 unakimbia mita 22 kwa sekunde, maana yake tairi linazunguka karibu mara 12 kila sekunde, na katika kila mzunguko gololi kadhaa zinapita pale pale. Tik zinakuwa makumi kwa sekunde. Sikio haliwezi tena kuzihesabu, linasikia kitu kimoja kinachovuma. Ndiyo maana spidi 30 husikii kitu, 60 linaanza, 90 ni ndege.

Na kona? Gari likikata kushoto, bodi linalalia kulia, kama abiria wa daladala wanavyomlalia mwenzao wa dirishani. Uzito unahama kwenda kwenye matairi ya kulia, beringi ya kulia inabanwa, na kama ina kidonda inalia zaidi. Ukikata kulia inapumzika, inanyamaza. Wewe unasema kushoto unazidi, kulia unapungua karibu kuisha. Kwa maneno mengine, mshukiwa wangu wa kwanza ni beringi ya mbele kulia, iliyo karibu na miguu yako mwenyewe dereva. Wewe ukabadilishiwa ya kushoto.

“Lakini mimi nausikia kushoto.” Najua. Sikio linatambua spidi na aina ya mlio vizuri sana, ila kwa upande linadanganya. Mvumo wa beringi hausafiri hewani peke yake. Unapanda kwenye shokapu, unaingia kwenye bodi, na bodi la gari ni karatasi ya bati iliyounganishwa kuanzia mbele mpaka nyuma. Unatokea popote bati linapopenda kutetemeka. Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe aliapa mlio uko mbele, na beringi mbovu ilikuwa ya nyuma. Usimlaumu sana fundi wako wa pili. Ila angeliendesha gari kwa dakika kumi kabla ya kushika spana, angekuokolea pesa.

Na kuhusu kutikisa. Kuna imani kubwa magereji mengi kwamba beringi mbovu lazima icheze, kwamba ukishika tairi juu na chini ukalitikisa na likatulia, basi beringi ni nzima. Si kweli kwa hizi beringi za kisasa. Gololi zimebanwa kati ya pete bila nafasi, na kibanduko chenye ukubwa wa punje ya ulezi hakitoshi kuleta mchezo. Beringi inaweza kuvuma kwa maelfu ya kilomita kabla ya kucheza hata kidogo. Mchezo ukija, hiyo ni hatua ya mwisho, na ukiukuta usiliendeshe tena gari hilo. Kutokucheza kunakwambia hujafika kwenye hatari ya karibu. Hakukwambii beringi ni nzima.

Hata hivyo sitaki ukimbie dukani leo, kwa sababu ya lile neno lako la mwisho: matairi ya mtumba.

Hapa lazima niungame. Miaka mingi iliyopita aliniletea Noah mzee mmoja wa Newala, linavuma mbele vilevile. Nilikuwa kijana, najiamini. Nikabadilisha beringi zote mbili za mbele. Akarudi baada ya siku tatu, linavuma. Nikafungua giaboksi. Akarudi. Mara ya tatu alikuja amepata pancha njiani na amefunga tairi la akiba, akaniuliza kwa upole kabisa, “Fundi, mbona leo limenyamaza?” Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamrudishia pesa ya ufundi, na tangu siku hiyo tairi ndilo la kwanza kushikwa kwenye gereji yangu.

Tairi huvuma kwa njia yake. Kashata za tairi, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, zikichakaa bila usawa, kwa sababu alaimenti, yaani mnyoosho wa matairi, imepotea au shokapu limechoka na tairi linarukaruka, kila kashata inakuwa na upande wa juu na upande wa chini, kama meno ya msumeno. Huoni kwa macho. Lakini pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, kisha kirudishe kuelekea nyuma. Likiwa zima, pande zote mbili ni sawa. Likiwa na meno, upande mmoja unateleza na ukirudi unakwaruza kama unapapasa samaki kinyume cha magamba. Fanya hivyo pia ukingo wa ndani, ule usioonekana gari likiwa limesimama, kata usukani uufikie. Hapo ndipo matairi mengi ya mtumba huficha siri yake. Angalia na umri: ubavuni kuna herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini limeiva miaka minane juani limekuwa gumu kama soli ya kiatu cha shule, na ugumu huo peke yake unatosha kulifanya lipige kelele.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha, nayo ni barabara yenyewe. Mlio wa tairi unajali lami. Ukitoka kwenye lami yenye kokoto zilizochomoza ukaingia kwenye kiraka kipya kilicho laini, mvumo wa tairi unabadilika sauti papo hapo. Beringi haijali kabisa, inavuma vilevile kwenye lami nzuri na mbaya, na hata kwenye udongo ulioshindiliwa. Njia yako ya Masasi ina viraka vya kila aina, sikiliza vizuri safari moja bila redio.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huu, na uandike kwenye karatasi unachokiona, maana ukifika gereji kichwa husahau.

Jaza upepo sawa kwa matairi yote kama ilivyoandikwa kwenye ile stika ya mlangoni mwa dereva. Kisha tafuta sehemu iliyonyooka, tambarare, isiyo na kijiji, asubuhi mapema magari yakiwa machache. Fika 80, weka gia nyutro, acha gari litiririke. Usizime injini hata kidogo, usukani na breki vitakuwa vizito na unaweza kujuta. Injini ikishuka mizunguko na mlio ukabaki vilevile, injini imetoka kwenye kesi. Mlio ukishuka pamoja na injini, niandikie tena, hayo ni maongezi mengine. Jaribio hili usilifanye mteremkoni. Wale wanaoshuka milima ya Makonde kwa nyutro ili kubana mafuta wanabana pesa ya soda na kuhatarisha breki.

Bado uko kwenye sehemu hiyohiyo, 60 au 70, hakikisha mbele na nyuma hakuna mtu wala pikipiki, yumbisha usukani taratibu kushoto, rudi, kulia, rudi, kama mtu anayekwepa kuku ambaye hana haraka. Bila kukata kwa nguvu, uzito tu uhame. Andika upande unaoongeza mlio. Umeshanijibu hili, lakini lirudie kwa makini, kwa sababu kona za barabarani zina mteremko wake na zinaweza kukuchanganya. Na nikwambie ukweli: jaribio hili ni dalili nzito, si hukumu. Beringi ina safu mbili za gololi, na mara chache kidonda kikiwa kwenye safu ya ndani huweza kulia kinyume.

Kisha peleka matairi ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, kila moja upande wake uleule. Kwa kijana wa pancha ni kazi ya nusu saa na hela ndogo. Rudi barabarani. Mlio ukihamia nyuma au ukibadilika sana, tumemkamata: ni matairi, na hukuhitaji beringi wala shafti wala giaboksi. Ukibaki mbele, palepale, kwa sauti ileile, matairi yako huru.

La mwisho ndilo ninalolipenda. Egesha pagumu. Mchanga wetu huu unameza jeki, weka kipande cha ubao chini yake. Weka mawe au magogo kwenye matairi ya nyuma, vuta breki ya mkono, gia nyutro, inua tairi la mbele kulia, weka na stendi au gogo imara chini ya bodi. Usiingize mwili wako chini. Sasa mkono mmoja uzungushe tairi kwa nguvu, na mwingine, kwa ncha za vidole tu, ushike springi ya shokapu juu ya tairi. Kuwa mwangalifu vidole visikaribie tairi. Beringi nzima ukiishika hivyo husikii kitu, springi imelala. Beringi yenye kidonda inakutekenya: utahisi chembechembe, kama simu inayotetemeka ndani ya mfuko wa suruali ya mtu aliyekaa jirani yako. Sikio linaweza lisisikie chochote na vidole vikasikia. Kelele ya kukwaruza ya brekipedi kugusa diski isikutishe, hiyo ni ya kawaida na unaisikia kwa sikio, haitekenyi springi. Shusha, nenda upande wa kushoto, fanya vilevile, ulinganishe. Kwa kuwa ya kushoto ni mpya, inapaswa kuwa kimya kabisa. Ikitekenya nayo, basi iliharibiwa wakati wa kufungwa, na hilo nalifikia sasa hivi.

Fundi asikuwashie injini na kuweka gia tairi moja likiwa juu ili “asikilize”. Tairi moja likiwa limesimama, difu hulipa lile jingine mwendo mara mbili. Dashibodi inasoma 50, tairi lililo hewani linakwenda 100, na chini yake kuna jeki tu.

Ikithibitika ni beringi ya kulia, una njia mbili. Ya kwanza ni kununua beringi mpya yenyewe na kuipiga presi. Ya pili ni kununua kile chuma chote kinachobeba breki na tairi, cha mtumba, kikiwa na habu na beringi ndani yake, kutoka kwa wauza spea za magari yaliyokatwa. Ya pili ni ya haraka na haihitaji mashine, lakini unanunua beringi usiyoijua umri wake, na inawezekana kabisa nayo ilipita majini huko ilikotoka. Mimi ningechukua ya kwanza, kwa sharti la fundi mwenye presi. Beringi za Kijapani kama Koyo, NSK na NTN ni nzuri, tatizo ni kwamba majina hayo ndiyo yanayoigwa zaidi. Angalia maandishi kwenye chuma chenyewe, yawe yamechongwa safi na yafanane na ya kwenye boksi. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, unajua unachonunua.

Swali la kumuuliza fundi kabla hajaanza ni moja: “Utaiingiza kwa nini?” Akisema nyundo, mshukuru, ondoka. Nyundo inasukuma pete moja, nguvu inapita kwenye gololi kwenda kwenye pete nyingine, na kila pigo linaacha vishimo kwenye mifereji. Beringi inatoka dukani nzima na inaingia kwenye gari ikiwa na miezi michache ya kuishi. Hata presi ikitumiwa vibaya hufanya vilevile: beringi inapoingia kwenye nyumba yake isukumwe kwa pete ya nje, na habu inapoingia kwenye beringi, pete ya ndani iwe imeegemezwa chini. Pete ya ndani ya zamani mara nyingi hubaki imeng’ang’ania kwenye habu, itolewe bila kuchubua habu. Ile pete ya kuzuia beringi isitoke irudi kwenye mfereji wake. Nati kubwa ya katikati, ya shafti, iwe mpya na ikazwe ipasavyo. Kwa Toyota ndogo nyingi ni 216 kwa kipimo cha nyutonimita, kazi ya mtu mzima na bomba refu, halafu ukingo wake ugongwe uingie kwenye mfereji wa shafti ili isifunguke. Gari lisisukumwe hata hatua mbili likiwa chini huku nati hiyo imelegea, kwa sababu nati ndiyo inayoibana beringi, na bila hiyo uzito wa gari unaiumiza. Nati za tairi 103, kwa msalaba. Na kwa kuwa boliti za shokapu zitafunguliwa, pima alaimenti baadaye. Usiporekebisha hilo utakula tairi na utarudi kwenye mvumo mwingine.

Badilisha ya kulia tu. Hakuna sheria ya kubadilisha mbili mbili.

Sasa, wakati unasubiri. Kama springi inatekenya lakini hakuna mchezo, unaweza kuzunguka mjini kwa siku chache, Ligula mpaka Chuno, polepole. Safari ya Masasi iahirishe. Kila ukitoka, baada ya kilomita kumi bila kukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na katikati ya ringi, usiguse kwanza, linganisha kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa moto kupita mwenzake, egesha. Vilevile mvumo ukigeuka kuwa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, usukani ukianza kutetemeka au kuvuta upande, taa ya ABS, ile ya mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukifunga breki, ikiwaka ghafla, kanyagio la breki likishuka zaidi ya kawaida baada ya kona, au tairi likicheza hata kidogo ulipolishika juu na chini. Hapo hakuna cha “nifike nyumbani kwanza”. Muite fundi lilipo gari, au livutwe likiwa limeinuliwa mbele. Tairi likicheza kulia na kushoto lakini si juu na chini, hiyo mara nyingi ni tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza tairi. Si beringi, lakini nayo haisubiri.

Jambo moja dogo. Ile beringi ya kushoto iliyotolewa, kama fundi wa pili hajaitupa, iombe. Izungushe kwa kidole karibu na sikio. Ikikwaruza haithibitishi kitu, kwa sababu kuitoa kwa nguvu kunaumiza gololi hata za beringi nzima. Lakini ikizunguka laini na kimya, mpelekee umwonyeshe, bila ugomvi, na umwombe apunguze bei ya kazi ya kulia. Akikataa, kuna watoto mtaani kwako wanaounda vigari vya mbao, na beringi ya IST wanaililia.